Kalenga: Ngome ya Mkwawa, baridi ya Iringa na mtoto mwenye selimundu

Jina Iringa linatokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Watoto wengi wa Dar es Salaam hawalijui hilo. Kwao Iringa ni jina ambalo wapiga debe hulipigia kelele pale stendi ya Mbezi Luis, au ni upande zinakotoka nyanya na viazi.

Ngome yenyewe haiko mjini. Iko Kalenga, kama kilomita 15 kutoka Iringa mjini, kwenye barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hapo ndipo Mtwa Mkwawa alipojenga makao yake makuu na kuyazungushia ukuta wa mawe, na hapo ndipo Wajerumani walipokuja na mizinga Oktoba 1894. Mji wa leo ulianzishwa na Wajerumani baadaye, juu ya mlima, nao wakachukua na jina.

Familia moja ya Chanika iliamua kutumia likizo ya Juni kwenda huko badala ya kuzunguka ufukweni Kigamboni kama kila mwaka. Baba ni fundi wa kuchomelea mageti, mama anauza vitenge sokoni. Wana watoto watatu: msichana wa kidato cha kwanza ambaye ndiye aliyeanzisha hoja baada ya kusoma habari za Mkwawa darasani, mvulana wa miaka tisa, na kitinda mimba wa miaka mitano.

Shida ilikuwa kwa huyo wa kati. Ana selimundu.

Bibi yao, anayeishi nyumba hiyohiyo, alipinga waziwazi. Alisema mtoto asiyestahimili hata mvua ya Chanika hawezi kupelekwa kwenye baridi ya Uhehe mwezi wa Juni. Na kwa kweli bibi hakuwa anabahatisha. Baridi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha maumivu makali kwa mwenye selimundu, pamoja na upungufu wa maji mwilini, uchovu na maambukizi. Mishipa midogo hujibana kwa baridi, chembe nyekundu zilizopinda kama mundu zinakwama humo, na sehemu isiyopata damu huanza kuuma. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi. Mtoto wa Chanika hajawahi kulala kwenye hali hiyo.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, kwa hiyo mjadala huo haukuwa wa nyumba moja. Wazazi wengi huumaliza kwa njia rahisi: mtoto anabaki kwa bibi, wenzake wanasafiri. Anakua akijua kwamba safari ni za watu wengine.

Mama hakutaka kuumaliza hivyo, lakini pia hakutaka kuumaliza kwa ubishi. Wiki tatu kabla ya safari alimpeleka mwanawe kliniki, akaeleza wanakokwenda, kwa siku ngapi, kwa usafiri gani. Hili ndilo wazazi wengi hulisahau. Huenda kliniki mtoto akiumwa, hawaendi kuuliza akiwa mzima.

Alitoka na majibu ya kutosha. Kiwango cha damu kilikuwa 8, cha kawaida kwa mtoto huyo. Hakuwa amelazwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kumzuia. Folic acid na haidroksiurea zisikatizwe hata siku moja, na zibebwe kwenye begi la mkononi, si kwenye begi linaloshushwa kwenye buti la basi. Dawa ya kinga ya malaria aendelee nayo. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa iwe karibu, na kipimajoto pia. Homa ikifika nyuzi 38, si ya kusubiri asubuhi, ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo. Kadi ya kliniki na kadi ya bima zisiachwe nyumbani.

Bibi alisikiliza yote, akanyamaza, kisha akatoa kwenye sanduku lake boshori mbili za sufi.

Safari yenyewe

Kutoka Dar es Salaam hadi Iringa ni takriban kilomita 500, na basi hutumia siku nzima kasoro kidogo. Kwa anayetoka Chanika, kazi ya kwanza ni kufika Mbezi Luis kabla ya mapambazuko, na hiyo peke yake ni safari. Wapo wanaopunguza uchovu kwa kupanda treni ya SGR hadi Morogoro na kuunganisha basi hapo, lakini ukiwa na watoto watatu na mabegi, kushuka na kupanda kuna gharama yake. Familia hii ilichagua basi moja la moja kwa moja, viti vya mbele.

Viti vya mbele si anasa. Mtoto anayetapika safarini hutapika zaidi akikaa nyuma, ambako basi linayumba, na akiinamia simu. Aketi mbele, atazame mbali nje ya dirisha, ale kidogo na chakula kisicho na mafuta mengi. Chapati mbili za mafuta na soda saa kumi na moja alfajiri zitarudi zote kabla ya Chalinze.

Lipo jambo moja ambalo wazazi wengi hufanya kwa nia njema nalo ni baya: kumnyima mtoto maji ili asisumbue. Basi halisimami ovyo, konda ana haraka, na kuchimba dawa porini na mtoto wa kike si jambo la raha. Basi mzazi anamwambia mtoto anywe kidogo tu. Kwa mtoto wa kawaida, matokeo ni kichwa kuuma na choo kigumu. Kwa mwenye selimundu, kukaa saa tisa bila maji kunaweza kumaliza likizo kabla haijaanza. Mama huyu alimweleza konda mapema, kabla gari halijaondoka, kwamba ana mgonjwa anayehitaji kunywa maji sana na atahitaji kushuka. Konda aliitikia vizuri. Ombi la saa kumi na mbili asubuhi hupokelewa tofauti na kelele za saa saba mchana.

Barabara hii ina malipo yake. Inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na mtoto mwenye bahati ataona twiga, pundamilia, nyani na pengine tembo bila kulipa kiingilio. Baada ya hapo huja bonde la mibuyu na mji mdogo wa Ruaha Mbuyuni, joto kali, vitunguu vimepangwa kando ya barabara. Kisha mlima Kitonga.

Kitonga hupandwa taratibu, kona baada ya kona, malori yakinguruma. Hapo masikio ya watoto huziba. Mdogo apewe kitu cha kutafuna au kunyonya, kumeza mate hufungua masikio. Na hapo ndipo pa kuwavalisha masweta. Wengi husubiri wafike, mtoto akishatetemeka ndipo begi linafunguliwa. Ukimaliza kupanda, hewa imeshabadilika.

Kilomita chache kabla ya Iringa, kando ya barabara kuu, kuna mnara wa Lugalo. Mabasi hayasimami, kwa hiyo mtoto aambiwe mapema atazame. Agosti 17, 1891, jeshi la Wahehe lilikivizia hapo kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, likamuua yeye na sehemu kubwa ya kikosi chake. Msichana wa kidato cha kwanza alikuwa anaijua tarehe. Asichokuwa anajua ni kwamba Hospitali ya Jeshi ya Lugalo, kule Kinondoni, imebeba jina la vita hivyo.

Fuvu

Asiyeelezwa mapema atafika Kalenga akitegemea kuona magofu makubwa, kama yale ya Kilwa au Kaole. Hayapo. Wajerumani walipouteka mji huo Oktoba 30, 1894, chini ya Tom von Prince, waliubomoa. Leo Kalenga ni kijiji cha kawaida, kijani, Ruaha Mdogo ukipita jirani, na mabaki ya ukuta yanaonekana kwa anayeonyeshwa. Kuna makumbusho madogo, makaburi ya familia ya Mkwawa, mikuki na ngao, na ndani ya kisanduku cha kioo kuna fuvu la kichwa.

Mzazi anapaswa kuamua kuhusu fuvu hilo kabla ya kushuka kwenye daladala.

Historia yake ni hii. Baada ya Kalenga kuanguka, Mkwawa alipigana vita vya msituni kwa miaka minne. Wajerumani waliahidi rupia 5,000 kwa atakayempata. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa eneo la Mlambalasi, alijipiga risasi ili asikamatwe. Askari wa Kijerumani walikata kichwa chake, na kichwa kikapelekwa Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi, ambako kaburi lipo mpaka leo, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani irudishe fuvu hilo. Halikurudi. Ilibidi ifike miaka ya 1950, Gavana Edward Twining alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya mji wa Bremen, akakuta mafuvu mengi, na kuchagua moja kwa kulinganisha vipimo na vichwa vya ndugu wa Mkwawa. Hapakuwa na kipimo cha vinasaba wakati huo, na hadi leo wapo wanaohoji kama ndilo lenyewe. Mwaka 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi Mkwawa, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi.

Si kisa cha Uhehe peke yake. Huko Romania, juu ya milima, kuna magofu ya ngome iitwayo Sarmizegetusa, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, makao ya Mfalme Decebalus wa Wadacia. Warumi walipomshinda mwaka 106, alijiua ili asikamatwe, na kichwa chake kikapelekwa Roma kuonyeshwa. Karibu miaka 1,800 kabla ya Mlambalasi, hadithi ileile. UNESCO iliziweka ngome za milima ile kwenye urithi wa dunia mwaka 1999, na watu hupanda mlima kwenda kuziona wakiwa na watoto wao. Bila shaka huko nako wazazi hujiuliza waseme nini.

Mtoto wa miaka mitano hapaswi kusukumwa kuangalia, wala kuzibwa macho kwa nguvu. Aambiwe kabla kwamba ndani kuna mfupa wa kichwa cha mtu aliyekufa zamani, haumi, hautembei, na kama hataki kuuona atabaki nje na baba. Watoto huogopa zaidi kile walichokutana nacho ghafla. Kitinda mimba wa familia hii aliingia, akatazama, akauliza swali moja tu.

"Mama, kichwa chake hakimuumi?"

"Hapana mwanangu. Aliyekufa hasikii maumivu."

Mvulana wa miaka tisa, ambaye maumivu anayajua kuliko wote nyumbani, alisimama pale muda mrefu kuliko dada yake.

Sehemu ngumu zaidi ni ile ya kujiua. Vitabu vya shule huitaja kama ushujaa na kusonga mbele, na wazazi wengi huiacha hapohapo. Kwa mtoto mdogo inatosha kusema alikufa vitani. Kwa kijana wa miaka 13 haitoshi, kwa sababu anasikia habari za kujiua mtaani na kwenye simu, na anapima. Mzazi anaweza kusema ukweli bila kuupamba: alikuwa kiongozi wa vita, amezingirwa, anajua adui atamfanyia nini. Kisha amuulize mtoto yeye anafikiri nini, na asikilize. Kumuuliza kijana kuhusu kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Watoa huduma za afya ya akili husema hivyo kila siku, ila wazazi wagumu kuamini. Na kama mtoto amefiwa na mtu kwa njia hiyo, mazungumzo hayo yafanyike nyumbani kabla ya safari, si mbele ya kioo na wageni wengine.

Msichana na baba yake waliongea njia nzima ya kurudi mjini. Waliyoongea yalibaki yao.

Usiku wa pili

Usiku wa kwanza ulipita salama. Wa pili, saa saba usiku, mvulana aliamka akilalamika miguu. Mchana walikuwa wamepanda Gangilonga, jiwe kubwa lililo juu ya mji, ambalo jina lake maana yake ni jiwe linaloongea. Inasemekana Mkwawa alikuwa akipanda hapo kutafakari. Mji wote unaonekana kutoka juu, na jioni upepo wake ni mkali. Walikaa mpaka jua lilipozama, kwa sababu watoto walikataa kushuka, na mvulana alikuwa amevua sweta akikimbizana na mdogo wake.

Mama alifanya yale aliyoelekezwa. Alipima joto: 36.8. Akampa dawa ya maumivu, akampa maji ya uvuguvugu kikombe baada ya kikombe, akamvalisha soksi mbili na kumfunika blanketi mbili, akamkanda miguu kwa kitambaa cha joto. Si barafu wala maji ya baridi, kosa linalofanywa na wengi waliozoea kukanda mguu ulioteguka. Alimwangalia kama anapumua vizuri na kumuuliza kama kifua kinauma. Maumivu ya kifua, kuhema, homa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au kwa mvulana uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma: lolote kati ya hayo halitibiwi chumbani. Walishajua Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko katikati ya mji, na kwamba siku ya Kalenga wangekuwa karibu na Hospitali ya Tosamaganga. Namba ya dereva wa bajaji waliichukua siku ya kwanza.

Hawakuihitaji. Kufika saa kumi alfajiri mtoto alikuwa amelala.

Asubuhi ratiba ilibadilika. Walikuwa wamepanga kwenda Isimila, kilomita 20 hivi kwa barabara ya Mbeya, ambako zana za mawe zilizotumiwa na watu wa kale zaidi ya miaka 200,000 iliyopita zimetapakaa chini, na nguzo za udongo zilizochongwa na mvua zimesimama kwenye korongo refu kuliko nyumba. Ni mahali pazuri kwa watoto wakubwa, lakini kuna kushuka na kupanda, na jua la mchana halina kivuli. Baba alikwenda na msichana peke yake. Mama alibaki mjini na wadogo wawili.

Waliobaki hawakupata hasara. Walikwenda Boma, jengo la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa. Lilijengwa mwanzoni kama hospitali ya jeshi, na kuta zake nene hutunza joto. Baadaye walikula Neema Crafts, kituo kilichoanza mwaka 2003 ambako wafanyakazi ni watu wenye ulemavu. Mhudumu ni kiziwi, mteja huagiza kwa kuandika au kwa ishara. Mtoto wa miaka mitano alijifunza ishara ya "asante" na aliitumia kwa kila mtu kwa siku mbili zilizofuata, pamoja na "kamwene", salamu ya Kihehe, akizichanganya.

Hifadhi ya Ruaha waliiacha. Ni mbali, zaidi ya kilomita 100 za ziada, ni gharama, na kuna mbung'o. Kwa familia yenye siku nne na mtoto wa kuangalia, Kalenga na mji vinatosha.

Kwa asiye na nauli ya Iringa mwaka huu, jirani na Chanika kuna milima ya Pugu na msitu wake wa Kazimzumbwi, baridi hakuna, kurudi ni siku hiyohiyo. Mkwawa hayupo, lakini maji ya kunywa yabebwe vilevile.

Baada ya kurudi

Mkoa wa Iringa una malaria kidogo sana ukilinganisha na mikoa mingi, lakini barabara ya kwenda huko hupita mabonde yenye mbu, na mabasi husimama hapo. Mtoto yeyote atakayepata homa ndani ya wiki chache baada ya safari apimwe, asipewe dawa za kubahatisha kwa kuwa eti alipigwa na baridi ya Iringa.

Mvulana hakupata homa. Alirudi kliniki kwa tarehe yake ya kawaida, mwisho wa Julai, akiwa amevaa boshori ya bibi katika joto la Dar es Salaam, amekataa kuivua. Damu ilikuwa 8.